Pengo

Sijui kuchora. Najua kutundika.
Miaka ishirini na mitatu natoboa kuta za Tabriz:
najua lipi tofali, ipi chokaa ya uongo,
najua mlio wa ukuta uliomeza bomba.

Leo theluji imefika magotini,
nami nimepanda ngazi tano mgongo umeinama,
nimebeba, ndani ya blanketi la jeshi,
kazi ya Farangis Ojaghi.
Turubai nyeupe, kimo cha mlango.
Juu yake wino, mpigo mmoja.
Mmoja tu.
Umeanza mnene kama shingo ya fahali,
ukateremka, ukakatika padogo,
ukaendelea, ukaishia unywele.

"Pesa yote ile," mke wa daktari akasema, "mstari?"
Akautazama, akalitazama kochi lake la rangi ya komamanga.
"Walau ungefanana na kochi."

Daktari Behruz ni daktari wa meno.
Akasogea, akakodoa macho pale padogo.
"Hapa pana pengo," akasema.
"Atakuja kuliziba?"

Nikawaambia nilichokiona karakana kwake:
karatasi sakafuni, mia na mia,
zote mpigo huohuo,
zote anawashia jiko.
Nilimuuliza bei akanionyesha moto.
"Bei ni ile. Hii ni risiti."

Tukajaribu juu ya kochi. Ukazama.
Tukajaribu kando ya saa; saa ikawa kelele.
Basi nikaishusha saa. Hakuna aliyenituma.
Nikashusha sahani zenye picha za tausi,
maua ya plastiki,
harusi tatu ndani ya fremu za dhahabu.
Ukuta ukabaki na mistatili myeupe
kama ngozi chini ya pete iliyovuliwa.
Mke wa daktari akaketi.
Kwa mara ya kwanza, nadhani, akaona
chumba chake kina dirisha.

Ndipo akatoka mama, Bibi Sariyye,
kiganja kimoja ukutani, kingine kwenye miwani.
Akaanza kuliani, kama alivyofunzwa,
akashuka na wino polepole.
"Alifu," akasema.
"Mama, hausomeki. Ni mchoro wa dhahania."
"Wewe unasoma meno. Niache."

Miaka hamsini alifuma mazulia,
vidole vyake vimepinda kama kulabu.
Ukimpa zulia atakwambia
fundo gani lilifungwa mtoto akilia,
safu gani ilifumwa siku ya msiba.
Akauweka ukucha kwenye pengo, hakugusa.
"Hapa mwanamke ameitwa mlangoni."

Kimya.

Mwezi wa Mehr, Jumanne, saa nne asubuhi,
nilikwenda kuchukua vipimo.
Nilibisha hodi. Nikabisha tena, kwa nguvu,
kwani nilikuwa na kazi nyingine mtaa wa pili.
Akafungua, kifundo cha mkono cheusi kwa wino,
brashi bado inadondosha tone moja, tone la pili
kwenye kizingiti.
Hakukasirika. Alinitazama
kama mtu anayehesabu.
"Subiri hapo," alisema,
akarudi ndani kumalizia.

Nikachukua pimamaji. Nikapima.
Nikapima tena, ingawa kiputo kilikwishatulia katikati.
Nikatoboa tundu moja tu,
vumbi la chokaa likanijia usoni.
Mchoro ukakaa,
na chumba kikakaa kando yake, kama mgeni
asiyejua aweke wapi mikono.

Wakanipa chai, na bonge la sukari la kubana menoni,
nyumbani kwa daktari wa meno!
Nikanywa nimesimama.
Daktari akauliza tena habari ya kuziba.
"Liacheni," nikasema. "Lina mwenyewe."
Akadhani namsemea mchoraji.

Nilishuka ngazi tano na blanketi tupu.
Bibi Sariyye alikuwa ameegemea mlango,
ananitazama mikono.